Ameokoka, Lakini Ng'ombe Wako Wapi?

Mwezi uliopita nilikwenda Nyarero, wilayani Tarime, kumzika jamaa yangu. Katika ibada ya mazishi alisimama kijana mmoja ambaye zamani alikuwa na sifa ya kutembea usiku na mifugo ya wenzake. Akashuhudia kwamba ameokoka na kwamba dhambi zake zote zimefutwa. Watu wakapiga makofi, isipokuwa mzee mmoja jirani yangu, ambaye aliniinamia akanong'ona: "Mwanangu, zimefutwa sawa. Na ng'ombe wangu watatu nao wamefutwa?"

Jioni tulibishana juu ya jambo hilo hadi chai ikapoa. Wengine walisema mzee anamwekea Mungu masharti, kwani wokovu ni neema, nayo hailipiwi. Wengine wakasema imani isiyorudisha ng'ombe ni maneno matupu.

Mabishano haya ni ya siku nyingi. Martin Luther alipoanza kupinga uuzaji wa vyeti vya rehema mwaka 1517, hoja yake iliyokomaa baadaye ilikuwa kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani peke yake. Mtaguso wa Trento ukamjibu mwaka 1547 kwamba imani lazima iende pamoja na upendo na matendo. Hata hivyo, wengi wetu hatukuambiwa kanisani kwamba Mtaguso huo huo ulikataa kabisa wazo la mtu kujiokoa kwa juhudi zake bila neema. Luther naye alifundisha kwamba imani ya kweli haikai bila kutenda mema. Basi walikuwa karibu kuliko makelele yao yalivyoonyesha, ingawa ilichukua muda kukiri hivyo. Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja mjini Augsburg, Ujerumani, tarehe 31 Oktoba 1999. Walikubaliana kwamba Mungu humpokea mtu kwa neema tu, si kwa stahili yake, na kwamba matendo mema huja baadaye kama matunda.

Nami nilijaribu kueleza hivi pale Nyarero. Mtoto wa boma hakununua kuzaliwa humo. Alikuta ameshapewa baba, jina na maziwa. Lakini akikua akakataa kuchunga, akamwibia na ndugu yake, tutauliza kama kweli anajua yeye ni mtoto wa nani.

Mkoa wetu wa Mara una ushahidi wake. Wamenoniti walifika Shirati mwaka 1934, na mwaka 1942 uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda ukawafikia. Ndugu wa uamsho ule walihubiri neema kuliko wote, damu ya Yesu asubuhi na jioni. Na ni hao hao waliojulikana kwa kukiri hadharani na kurudisha vya watu. Hawakurudisha ili wasamehewe. Walirudisha kwa sababu walikuwa wamesamehewa, na mtu aliyesamehewa hawezi kulala usingizi huku ndama wa jirani analia zizini mwake.

Tazama pia mpangilio wa habari za Zakayo, yule mtoza ushuru. Yesu alijialika kwake kabla hajarudisha hata senti moja. Hiyo ndiyo neema. Ndipo Zakayo akaahidi kulipa mara nne. Mungu alikuwa amemsamehe Zakayo, lakini deni la watu wa Yeriko lilikuwa bado la watu wa Yeriko. Hapo ndipo wahubiri wetu wengi wa siku hizi wanaporuka mstari, labda kwa sababu habari za kulipa hazijazi viti.

Kesho yake kijana alikuja mwenyewe kwa mzee, bila mchungaji wala mgambo. Ng'ombe mmoja alikuwa bado anaye, akamleta. Wa pili alikwisha kumuuza, akaahidi mtamba. Kuhusu wa tatu, nilipoondoka wazee walikuwa wamempa hadi baada ya mavuno ya mahindi.