Chura Asiyetaga

Masika yakianza Tanga, mtoto yeyote aliyewahi kuchezea madimbwi anayajua haya: kelele za usiku kucha, mayai yaliyotungwa majini kama shanga, kisha viluwiluwi weusi wanaotikisa mikia. Chura wa bondeni hutaga maelfu akaenda zake. Watakaoota miguu ni wachache.

Panda sasa kutoka Muheza hadi Amani, kama mita 900 juu ya usawa wa bahari, uingie msituni usiku na tochi. Juu ya jani la kichaka amekaa kiumbe wa sentimita tatu hivi, mwembamba, ncha za vidole butu. Dume huita mara moja tu, ti!, kama sarafu iliyogonga chupa. Wataalamu humwita Nectophrynoides tornieri. Kiswahili kinamwita chura, sawasawa na yule wa dimbwini, na hapo lugha yetu imembania kidogo, maana huyu hatagi. Anazaa.

Dume hana kiungo cha kupandia, hivyo huweka tundu lake kwenye tundu la jike, mbegu zikaingia. Mayai ni machache na makubwa, yamejaa kiini. Mtoto hula kiini hicho humo tumboni, hatua ya kiluwiluwi ikamalizikia humo humo, akazaliwa chura kamili mwenye miguu minne. Duniani kote, aina za vyura wanaozaa hazifiki asilimia moja. Gustav Tornier wa Berlin ndiye aliyeandika mwaka 1905 kuhusu vyura wa namna hii kutoka nchi yetu, iliyokuwa koloni la Wajerumani. Mwaka uliofuata Jean Roux, Mswisi, akampa huyu wetu jina la Tornier.

Faida yake unaiona ukitazama mteremko wa milima hii ya Usambara Mashariki: maji hayatuami, yanashuka mbio. Asiyehitaji dimbwi anaishi popote penye majani mabichi na ukungu. Lakini ngozi yake hukauka upesi, kwa hiyo msitu ukifyekwa kwa ajili ya chai au iliki, hana pa kukimbilia. Kushuka kwenye joto la Muheza hawezi.

Hata majirani hawatembeleani. Usambara Magharibi yuko ndugu yake, Nectophrynoides vestergaardi, aliyetambuliwa kuwa aina ya pekee mwaka 2004. Kati yao lipo bonde la Lwengera, kavu na lenye joto, ambalo bodaboda hulikata bila hata kuzima injini.