Injini ya Maji Ikifa, Tafuta Kwanza Kilichoiua

Bwana Mkulima, na wewe Bibi Mkulima, tuseme ni mwezi wa Agosti. Mvua ya Aprili imekwisha zamani, ile ya Oktoba bado, na kabichi zako zimeanza kufunga. Unashuka mtoni asubuhi, unavuta kamba ya injini ya maji mara ishirini mpaka bega linauma, na injini haisemi neno. Kabichi hazijui habari za spea. Zitakungoja siku chache tu, kisha majani yataanza kulegea.

Wenzetu wa Mwea, tangu skimu yao ilipoanzishwa miaka ya 1950, huletewa maji ya mito Thiba na Nyamindi yakitelemka yenyewe katika mifereji. Sisi wa huku Meru mito yetu, kama Kathita, imejificha mabondeni, na maji hayapandi mlima bila kusukumwa. (Kabla ya kuyasukuma, hakikisha unacho kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji.) Kwa hiyo injini ndogo ya petroli imekuwa chombo cha shamba kama jembe, na wengi wetu huinunua ikiwa imekwisha kutumiwa na mtu mwingine.

Mimi ni karani wa afisi ya ukulima, na kazi niliyosomea ni ualimu. Si fundi. Lakini mimi na shemeji yangu tulinunua injini ya namna hiyo hapa Kinoru, nayo ikatufundisha kwa gharama. Nitakueleza pamoja na makosa yetu.

Ilikuwa ya umbo la Honda GX160, ambalo utaliona kwenye pampu nyingi: silinda moja, mipigo minne, ukubwa wa 163 cc. Zile pikipiki za magurudumu manne za mashamba makubwa nazo kwa kawaida huwa na injini ya mipigo minne, na nyingi ni za silinda moja. Vipimo vyao ni vingine na wana giya, lakini utaratibu wa kuwafungua na kuwapima ni mmoja.

Injini yetu ilitoa moshi wa buluu na nguvu ilikuwa imepungua. Fundi mmoja akatuambia ni ringi za pistoni. Hakukosea, maana moshi wa buluu ni oili inayoungua. Akatia ringi mpya, tukalipa, tukaenda zetu tukifurahi. Siku ya kumi na moja injini ilipiga kelele kama ya nyundo, ikasimama. Shemeji alikuwa na robo eka ya kabichi, nayo ndiyo ilikuwa karo ya watoto ya muhula wa tatu. Hakuvuna hata nusu yake.

Tulipoifungua mara ya pili ndipo tulipojua. Yule aliyetuuzia alikuwa ameondoa sponji ya filta ya hewa, labda akidhani injini itapumua vizuri zaidi. Vumbi likaingia na kuisugua silinda kama msasa. Ringi mpya ndani ya silinda iliyolika hazikai sawasawa, basi oili ikaendelea kuungua na kupungua. Sasa sikiliza hili. Injini nyingi za namna hii zina ulinzi wa oili: ikipungua, cheche hukatwa na injini huzima. Waya wa ulinzi huo ulikuwa umetolewa. Injini ikaendelea kuzunguka na oili kidogo mpaka konrodi, yaani mkono unaoshika pistoni na kranki, ikang'ang'ania kranki na kukatika. Tulikuwa tumelipia ringi, na kilichoziua bado kilikuwa ndani.

Basi yako isipowaka, usikimbilie dukani. Tazama oili kwanza, injini ikiwa mahali tambarare. Nimeona mtu akinunua plagi mbili na koili moja, kumbe ulinzi wa oili ulikuwa unafanya kazi yake. Kisha fungua plagi, iunganishe na waya wake, iguse kwenye chuma cha injini mbali na petroli, uvute kamba. Cheche iwe ya buluu na yenye nguvu. Kama petroli imelala kabureta tangu kiangazi kilichopita, itakuwa imeacha utomvu na kuziba kitundu cha jeti. Osha, puliza kwa upepo, wala usichokoe kwa waya mgumu, maana kitundu kikipanuka injini itakunywa petroli kupita kiasi na kutoa moshi mweusi.

Yote hayo yakiwa sawa na injini ni dhaifu bado, tia kijiko kimoja cha oili katika shimo la plagi, vuta kamba pole pole mara kadhaa, urudishe plagi. Mgandamizo ukiongezeka, ubovu uko kwenye ringi au silinda. Usipoongezeka, tafuta kwenye valvu au gasketi ya hedi. Jaribio hili halina gharama, nalo lingetusaidia kuanza na swali lililo sawa.

Ukiamua kufungua, mwaga oili na petroli, osha nje yote, kisha tandika gunia safi na kupanga vitu kwa mstari kadiri vinavyotoka. Mimi nilivichora katika daftari. Mazoea ya ualimu hayaishi. Ukitoa kifuniko cha ubavuni utaona giya mbili, ya kranki na ya kamshafti, kila moja ina alama. Wakati wa kurudisha, alama hizo zitazamane. Zikipishana jino moja injini haitafanya kazi ipasavyo, nawe utazunguka wiki nzima ukilaumu kabureta.

Silinda ipimwe. Hapo ndipo tulipokosea mara ya kwanza, maana jicho halioni sehemu za milimita. Silinda ya GX160 ikiwa mpya ina upana wa milimita 68.00, na kikomo cha kulika ni 68.165. Yetu ilikuwa imepita hapo. Dawa ilikuwa kuipeleka kwenye karakana yenye mashine, ikapanuliwa na kutiwa pistoni na ringi zilizozidi nusu milimita. Kranki nayo tulibadilisha, kwa sababu sehemu inayoshikwa na konrodi ilikuwa imekwaruzika, na konrodi mpya isingedumu hapo.

Je, ilifaa kutumia fedha zote hizo? Kwetu ilifaa kidogo tu. Kipimo changu ni hiki: spea na kazi ya fundi zikizidi nusu ya bei ya injini mpya, acha. Na konrodi iliyokatika ikiwa imetoboa mwili wa injini, usishawishike na maneno ya kuziba kwa kulehemu.

Silinda ikirudi kutoka kwa mashine, yaoshe mavumbi ya chuma kwa maji ya moto na sabuni, tena na tena, mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Petroli peke yake haitoshi. Ikaushe na kuipaka oili papo hapo isishike kutu. Ringi zina alama upande mmoja. Alama itazame juu, na nafasi za ringi zisifuatane mahali pamoja. Pistoni ina alama ya pembetatu kichwani, nayo ielekee upande wa vijiti vya kusukuma valvu. Kifuniko cha konrodi hakigeuzwi. Bolti zake hukazwa kwa nyutoni mita 12, na zile za hedi 24, kwa zamu na kwa kukingama. Azima spana ya kupima nguvu hata kama fundi anakuapia kwamba mkono wake unajua.

Valvu hupimwa injini ikiwa baridi: ya kuingiza hewa nafasi ya milimita 0.15, ya kutoa moshi 0.20. Plagi ni 0.7 hadi 0.8. Rudisha sponji ya filta. Huoshwa kwa sabuni, hukaushwa, huchovywa katika oili safi na kukamuliwa. Waya wa ulinzi wa oili tuliurudisha kwa mikono yetu, shemeji akishika taa.

Tulitia oili mpya ya 10W-30, karibu lita 0.6, mpaka mdomoni mwa shimo. Tukaitoa injini nje ya banda kabla ya kuiwasha, maana moshi wake katika chumba kilichofungwa huua mtu bila kumwonya. Pampu tuliijaza maji kwanza, kwa kuwa sili yake huungua ikizunguka kavu. Iliwaka mvuto wa nne. Tuliiacha dakika kumi bila kuipa kazi nzito, tukaizima ipoe, tukakagua bolti, tukarudia. Siku za kwanza hatukuifungulia mpaka mwisho.

Baada ya saa 20 za kazi tulimwaga oili ile. Ilitoka ya kijivu, ina kumetameta, ndivyo inavyokuwa vyuma vipya vinapozoeana. Inayofuata itamwagwa baada ya saa 100, au miezi sita ikiwa injini haifanyi kazi sana. Shemeji ameandika tarehe kwa rangi nyeupe ubavuni mwa tangi, na saa anazihesabu kwa mistari ya mkaa kwenye mlango wa banda. Jumapili nilipopita ilikuwa mistari thelathini na saba, na mpira wa maji ulikuwa umefika kwenye kabichi za juu.