Kanisa Lililoachwa Msituni

Kaskazini kabisa mwa nchi ya Ufini, ambako wakati wa baridi jua halichomozi kwa majuma kadhaa, lipo kanisa dogo la mbao karibu na ziwa liitwalo Pielpajärvi, katika wilaya ya Inari. Barabara haifiki huko. Atakaye kuliona hana budi kutembea msituni mwendo wa karibu kilomita 5.

Labda msomaji atauliza, kanisa lajengwaje mahali pasipo watu? Jibu ni kwamba zamani watu walikuwapo. Wasami, wenyeji wa nchi hiyo, walitawanyika wakati wa kiangazi wakivua samaki, na baridi ilipowadia walikusanyika katika kijiji kimoja hapo Pielpajärvi. Hapo walifanya biashara, walilipa kodi, na mashauri yao yalikatwa. Kanisa la kwanza lilijengwa hapo mwaka wa 1646, Ufini ilipokuwa chini ya mfalme wa Sweden. Hili lililopo sasa, la Kilutheri, lilijengwa kwa magogo ya misonobari kati ya mwaka wa 1752 na 1760, na umbo lake ni la msalaba.

Baadaye watu walihama, na mwaka wa 1888 kanisa jipya likajengwa katika kijiji cha Inari. Lile la zamani likabaki pweke. Yeyote angalidhani kwamba siku zake zimekwisha. Lakini mwaka wa 1940, katika vita baina ya Ufini na Urusi, lile jipya ndilo lililoteketezwa kwa mabomu ya ndege. Tena mwaka wa 1944 majeshi ya Kijerumani, yakirudi nyuma, yalichoma moto vijiji vingi vya Lapland. Kanisa la msituni likasalimika mara zote mbili.

Mwaka wa 1951 watu wa Inari walipata kanisa jingine kijijini. Hata hivyo hawakulisahau la wazee wao. Katika miaka ya 1970 lilitengenezwa upya, na hata leo watu hulifuata kwa miguu kwenda kusali siku chache za mwaka, kama vile wakati wa Pasaka.

Wahenga wetu walisema: Usiache mbachao kwa msala upitao. Wasami wa Inari hawakuijua methali hiyo, lakini maana yake wameiona kwa macho yao.