Mnyonge Mnyongeni, Pointi Yake Mpeni

Kila Jumatano, tunapoingia kwenye kikao cha chama tukiwa na macho mazito ya usingizi, wenzetu hutuuliza swali moja: jana mmepigwa ngapi? Hakuna anayeuliza tumeshinda ngapi. Hatuwalaumu. Timu yetu ya pool ina watu wanane: wanafunzi wanne wa Kiswahili, na majirani wanne wanaotusaidia kuisema lugha hii nje ya darasa. Mmoja ni dereva wa basi kutoka Tanga ambaye sote tunamwita Mjomba. Wa pili ni muuguzi kutoka Bukavu, naye ndiye nahodha wetu. Wawili waliobaki ni ndugu wa Mombasa wanaopaka rangi nyumba huko Silver Spring. Upande wa pili wa meza huwa kuna watu walioanza kucheza kabla baadhi yetu hatujazaliwa. Wanakuja na fimbo zao wenyewe, wanaziunganisha polepole, wanapaka chaki, kisha wanaingiza mipira minne au mitano mfululizo kama watu wanaotandika kitanda.

Hata hivyo huu ni msimu wetu wa tano kwenye ligi, na hatuko mkiani. Makala haya yanaeleza jambo hilo linawezekanaje, na yanaeleza pia suala lililotufanya tubishane hadi usiku wa manane.

Tuanze na ligi yenyewe. Tunacheza chini ya chama cha wachezaji wa pool cha Marekani, kinachojulikana kwa herufi APA. Kilianzishwa mwaka 1979 na wachezaji wawili wa kulipwa, Terry Bell na Larry Hubbart, lakini ligi zake ni za watu wa kawaida. Katika eneo hili la Washington tumekutana mezani na mafundi bomba, walimu, wanajeshi wastaafu na makarani wa serikali. Makarani hapa hawakosekani.

Sisi tuliokulia Afrika Mashariki, au tuliowahi kukaa huko, tunaujua mchezo huu kwa sheria ya baa: mshindi anabaki mezani, aliyeshindwa anakaa chini, anayefuata anatia sarafu. Hata mashindano makubwa, kama yale ya Tanzania yaliyodhaminiwa na bia ya Safari Lager, lengo lake lilikuwa kumpata bingwa. Kwa sheria ya baa, mgeni hucheza gemu moja, hushindwa, hulipa, na usiku uliobaki huutumia kutazama wengine. Akitaka kujifunza, lazima mfuko wake uwe mzito.

APA imechagua njia nyingine. Gemu ni ile mnayoijua: mipira 15, saba ya rangi nzima, saba ya mistari, na mweusi wa namba 8 unaoingia mwisho. Lakini kila mchezaji ana daraja, kuanzia 2 hadi 7, na daraja halitolewi kwa kumtazama mtu usoni. Mwandishi wa alama huhesabu zamu zilizopita mpaka gemu ikaisha, huweka alama kwenye kila pigo lililokusudiwa kujilinda tu, na karatasi hiyo hupelekwa kwa wasimamizi wa ligi. Anayemaliza gemu zake kwa zamu chache hupanda. Anayehitaji zamu nyingi hubaki chini.

Kisha daraja ndilo linaloamua kila mtu atafute gemu ngapi. Wawili wa daraja la 7 wakikutana, kila mmoja anahitaji gemu 5. Wa daraja la 7 akikutana na wa daraja la 4, mkubwa anahitaji 5 na mdogo 2. Akikutana na wa daraja la 3, ni 6 kwa 2. Akikutana na wa daraja la 2, mkubwa lazima ashinde gemu 7 kabla mdogo hajashinda 2.

Mwanafunzi mwenzetu anayesomea hisabati alitufanyia hesabu ubaoni. Tuseme mdogo ana uwezo wa kushinda gemu moja tu katika kila tano. Wangecheza mbio sawa, gemu 5 kwa 5, angeshinda mara mbili hivi katika mechi 100. Kwa mbio za 7 kwa 2, mtu yule yule, kwa mkono ule ule, anashinda karibu mechi 50 katika 100. Ila ukimshushia uwezo hadi gemu moja katika kumi, anashinda mechi kama 19 tu. Ndiyo kusema msaada huu haumpi mnyonge ushindi. Unamwachia kazi moja ndogo, nayo ni kuhakikisha kwamba gemu moja katika tano ni yake.

Hapa kuna mtu atauliza: je, bingwa wa kweli anahitaji kusawazishiwa? Tumkumbuke Cisero Murphy wa Brooklyn. Kwa miaka mingi alizuiwa kuingia mashindano ya ubingwa wa dunia kwa sababu alikuwa mweusi. Mwaka 1965 aliruhusiwa kucheza huko Burbank, California, akalitwaa taji, Mmarekani mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Murphy hakuhitaji gemu za nyongeza. Alihitaji mlango ufunguliwe. Sisi mlango tumeukuta wazi. Kinachotupungukia ni mkono, na mkono haupatikani bila kukaa mezani na wanaokuzidi.

Sasa tuje kwenye ubishi wetu. Kila usiku wa ligi timu hutoa wachezaji watano, na jumla ya madaraja yao haitakiwi kuzidi 23. Fanya hesabu mwenyewe. Timu yenye wa 7 mmoja, wa 5 wawili na wa 4 mmoja imeshafika 21. Mchezaji wake wa tano hana budi kuwa wa daraja la 2. Hivyo anayeanza habebwi kwa huruma. Bila yeye, wakubwa hawawezi kucheza pamoja.

Lakini kuhitajika ni jambo moja, na kuheshimiwa ni jambo jingine. Mpango wa usiku huenda hivi: nahodha mmoja humtaja mchezaji wake, mwenzake hujibu kwa kumtaja wake. Upande ule ukimtoa wa 7, mbinu inayojulikana katika kila ukumbi ni kumpelekea wa 2 wako. Akishindwa, umempoteza uliyetarajia kumpoteza, na wakubwa wako wamebaki kupambana na watu wa kiasi chao.

Wa 2 wetu alikuwa mwanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa kwanza, msichana wa Prince George's County. Wiki baada ya wiki alipelekewa majabali. Usiku mmoja, tukiwa tunasubiri treni ya Reli Nyekundu, alituuliza kwa Kiswahili, polepole, neno baada ya neno: "Jamani, mimi ni mchezaji au ni kafara?"

Tulibishana njia nzima. Ndugu wa Mombasa walisema vita ni vita. Wanafunzi wengine walisema apewe wapinzani wa daraja lake ili aonje kushinda. Mjomba alinyamaza mpaka kituo cha Silver Spring, kisha akamwuliza yeye mwenyewe: "Mwanangu, wewe unataka nini?" Akajibu kwamba wa 7 hawaogopi. Anachochukia ni sisi kwenda kununua vinywaji zamu yake inapoanza.

Basi tukaweka utaratibu. Anayekwenda kwa mkubwa haendi peke yake. Sheria inamruhusu wa daraja la 3 kushuka chini kusimamisha mchezo mara mbili katika kila gemu ili ashauriane na mwenzake kwa dakika moja. Wa daraja la 4 kwenda juu ana mara moja tu. Dakika hizo tukazifanya za Kiswahili kitupu, na walimu wetu wangefurahi kuzisikia, maana zimejaa hali ya amri na mnyambuliko wa masharti: usivute fimbo, upige chini kidogo, ukiukosa, mweupe ubaki ukutani. Nje ya dakika hizo tunafunga midomo kabisa, kwa sababu kumwelekeza mchezaji wakati wa pigo hairuhusiwi kwa lugha yoyote, na wapinzani wana haki ya kushuku maneno wasiyoyaelewa.

Majuma machache baadaye tulicheza karibu na kituo cha Wheaton na timu iliyokuwa juu yetu sana kwenye msimamo. Walimtanguliza mzee wao wa daraja la 7. Nahodha wetu hakumtaja mtu, alimtazama yule binti, binti akainuka na kumwendea Mjomba: "Shikamoo." "Marahaba, mwanangu. Moja tu. Mletee jasho."

Gemu nne za kwanza zilikwenda upande mmoja. Katika ya tano, mzee alibakiza mweusi peke yake, umekaa mbele ya shimo la kona, na binti alikuwa na mipira minne mezani. Akaomba ushauri. Alikuwa na mpira wake mmoja karibu na kona ile ile, mwepesi wa kuingiza. Mjomba akamwambia: "Huo usiuingize. Usogeze tu uzibe mdomo wa shimo." Ni vigumu kumwambia anayeanza aache mpira unaoingia. Aliuacha. Mzee akalazimika kwenda kwa ukuta, akaukosa mweusi kabisa. Binti akapata haki ya kuuweka mweupe popote. Akaingiza miwili. Zamu tatu baadaye akaweka karatasi kando ya shimo alilolichagua, kama sheria inavyotaka, na mweusi ukaingia humo humo.

Alishindwa mechi ile, gemu 7 kwa 1. Lakini tazameni karatasi ya alama. Mshindi akimwacha mpinzani mikono mitupu, huchukua pointi 3 kwa 0. Mpinzani akiwa amebakiza gemu moja tu ya kushinda, mshindi huchukua 2 na aliyeshindwa hupata 1. Binti alikuwa amebakiza moja. Kwa hiyo wao 2, sisi 1. Mechi ya pili tulishinda 2 kwa 1, ya tatu tukapoteza 2 kwa 0, ya nne tukashinda 2 kwa 0, na ya tano, saa tano na nusu usiku, tukashinda 2 kwa 1. Jumla: sisi 7, wao 6. Asingeshinda gemu ile moja, wangepata wao 7 na sisi 6. Wanaotafuta mfano wa -nge- kwa mtihani, huo hapo.

Yule mzee alimpa mkono. Alimwambia kwamba tangu gemu ya tano kila pigo lilikuwa zito, kwa sababu kosa moja tu lingemmaliza. Ndiyo siri ya kucheza na wanaokuzidi chini ya sheria hizi: mzigo mkubwa uko kwa mkubwa. Mdogo anayezubaa humsaidia kuubeba. Mdogo anayebana mashimo na kurefusha zamu humwachia aubebe mwenyewe.

Kuna sumu ndani ya utaratibu huu, nayo tusiifiche. Kama daraja la chini lina faida, kwa nini mtu apande? Kwenye kumbi huwasikia watu wakinong'ona juu ya wachezaji wanaokosa makusudi ili wabaki chini. Ligi inalihesabu hilo kuwa udanganyifu. Sisi lilitugonga mlangoni msimu huu, binti alipopanda kuwa wa 3. Watano tuliozoea kuwapanga walikuwa wa 6 wawili, wa 5, wa 4 na yeye wa 2: jumla 23 kamili. Sasa ni 24. Mtu mmoja lazima akae benchi. Wazo la kumwambia "apunguze kidogo" lilitajwa, kwa mzaha nusu. Nahodha alilijibu mara moja: "Mtoto akikua nguo ikimbana, hatumkati miguu. Tunashona nguo nyingine." Tangu hapo ndugu wawili wa Mombasa, ambao ndio wa 6 wetu, hupokezana: wiki hii mkubwa anacheza, wiki ijayo mdogo.

Na sisi wanafunzi tunalijua jambo hili hata bila meza ya pool. Tumewaona wanaojua Kiswahili cha kutosha wakijiandikisha darasa la chini ili wapate alama za chee. Alama wanazipata. Kiswahili chao, ukikutana nao mwezi Mei, ni kile kile cha Septemba.

Mmoja wetu anahitimu Mei, kwa hiyo nafasi moja itakuwa wazi msimu wa kiangazi. Tunamtafuta wa daraja la 2. Fimbo za ukumbi zipo, mechi huanza saa moja na nusu usiku, na tunahakikisha kila mtu anaiwahi treni ya mwisho. Mtapelekewa wa 7. Hakuna atakayekwenda kununua kinywaji.