Chini ya kutu kuna mtaji: Zana kuukuu zinavyorudishiwa makali

JUMAPILI asubuhi na mapema, viwanja vya vijijini Uingereza hugeuka soko. Watu hupanga magari yao kwa mistari, hufungua buti na kutandaza chini vitu walivyochoka kukaa navyo: vikombe, nguo za watoto, redio, vitabu. Katikati ya pilikapilika hizo hupita wateja wa aina yao. Vikombe hawana habari navyo. Huinama kwenye masanduku ya vyuma vilivyoshika kutu, huchokora mpaka chini, na kuibuka na patasi isiyo na mpini au randa ambayo skrubu zake zimeganda.

Kwa mpita njia, hiyo ni takataka. Kwa aliyeinama, ni kazi ya jioni kadhaa na furaha ya kuona chuma kilichokufa kikikata tena. Wengi wao ni wastaafu au watu wenye kazi nyingine za kuwalisha, na wamefanya ufufuaji wa zana kuukuu kuwa burudani yao, kama wengine wanavyopenda kuvua samaki au kutunza bustani. Marekani nako wako wengi, na video za kazi hiyo mtandaoni hutazamwa na mamilioni ya watu.

Mambo hayo yangeweza kuishia huko huko. Lakini kwa mfanyabiashara anayevusha bidhaa Busia, Namanga, Mutukula au Rusumo, burudani hiyo ina somo la fedha. Kipande kimoja cha chuma kina bei mbili. Mnunuzi wa chuma chakavu hukipima kwa kilo. Fundi hukipima kwa makali. Kinachotenganisha bei hizo mbili ni kujua kilichopo chini ya kutu.

Chuma chenye historia

Zana zinazotafutwa zaidi na wapenzi hao zina asili ya miji michache. Mmoja ni Sheffield, kaskazini mwa Uingereza. Huko, katika miaka ya 1740, mtengeneza saa aitwaye Benjamin Huntsman alitafuta chuma bora cha springi za saa zake, akagundua namna ya kukiyeyusha ndani ya vyungu vya udongo. Alichopata ni feleji, yaani chuma kigumu kinachoshika makali, ambayo ubora wake ulikuwa sawa kila upande. Patasi na misumeno mingi ya karne ya 19 iliyotengenezwa kwa feleji ya namna hiyo ina mhuri wa maneno "Cast Steel". Asiyejua hudhani ni chuma cha kusubu cha kawaida, akakitupa kwenye rundo la chakavu. Anayejua hukiweka pembeni.

Jina jingine ni Stanley, la Marekani. Mwaka 1869 kampuni hiyo ilinunua hataza za Leonard Bailey, mvumbuzi wa randa ya chuma ambayo bapa lake hurekebishwa kwa kuzungusha gurudumu dogo badala ya kugongwagongwa kwa nyundo. Umbo hilo ndilo linalotumika hadi leo. Mwaka 1931 Record ya Sheffield nayo ilianza kuuza randa za muundo huo huo, hata namba za ukubwa zikafanana: namba 4 ya huku ni namba 4 ya kule. Ndiyo maana randa iliyokufa haiwi hasara tupu. Bapa, skrubu na mishikio yake mara nyingi huokoa randa nyingine.

Mtu aliyeonyesha thamani ya vitu hivi kuliko wengi ni Ken Hawley, muuza zana wa Sheffield aliyezaliwa mwaka 1927 na kufariki mwaka 2014. Viwanda vilipokuwa vikifungwa kimoja baada ya kingine, yeye alikusanya zana, katalogi na hata vipande ambavyo havijamalizwa kutengenezwa. Mkusanyiko wake leo umehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Kelham Island mjini humo. Alianza kama mfanyabiashara aliyeijua bidhaa yake.

Randa za Stanley na Record hazikuishia Ulaya na Marekani. Bado zinaonekana katika karakana za maseremala Afrika Mashariki, nyingine zikiwa zimepita mikononi mwa mafundi wa vizazi viwili au vitatu.

Si kila kuukuu ni dhahabu

Wazoefu wa kazi hii wana kanuni moja: kagua kabla hujatoa pesa, kwa sababu kuna kutu inayotoka na kuna ugonjwa usiopona.

Kutu nyekundu ya juu juu, hata ikitisha kwa macho, hutoka. Kinachoua zana ni vishimo vilivyochimbwa na kutu karibu na makali, hasa upande wa nyuma wa patasi au bapa la randa. Kila kishimo kinachofika kwenye makali huacha pengo, na pengo hilo huchora mstari kwenye mbao. Patasi yenye vishimo karibu na mpini inatumika bila shida; yenye vishimo kwenye ncha hulazimu kusagwa sana mpaka chuma kizima kifikiwe.

Randa hugeuzwa na kutazamwa mdomo wake, pale bapa linapotokeza. Mwili wake ni chuma cha kusubu, ambacho hupasuka kikianguka kwenye sakafu ya saruji. Ufa mwembamba kama unywele pale mdomoni ni sababu ya kuirudisha chini. Msumeno hushikwa mpini na kutazamwa kwa urefu wake, kama mtu anayelenga shabaha. Uliopinda kidogo hunyooshwa na fundi anayejua. Uliokunjika kwa pembe kali huachwa. Nyundo hutazamwa uso, kama umemeguka. Bapa lenye rangi ya buluu karibu na makali lina dalili kwamba liliwahi kuunguzwa kwenye mashine ya kusagia, na sehemu hiyo imelainika. Makali yake hayatadumu mpaka isagwe iondoke.

Kutu kuondoka bila kuua zana

Kazi huanza kwa kufungua kila skrubu na kupiga picha kila hatua, ili kipande kirudi mahali pake. Skrubu iliyoganda hailazimishwi. Hudondoshewa mafuta mepesi na kuachwa usiku kucha.

Kwa patasi, spana na vipande vidogo, dawa ya bei nafuu ni siki. Zana hulazwa ndani yake usiku mmoja, kisha husuguliwa kwa brashi ya waya. Ikiachwa siku nyingi, siki hiyo hiyo huanza kula chuma kizima na kukiacha na madoa ya kijivu. Baada ya kutolewa huoshwa kwa maji yenye magadi ya kuokea ili kuua ukali wa siki, hukaushwa papo hapo na kupakwa mafuta. Ikiachwa na unyevu, kutu mpya ya rangi ya chungwa hurudi ndani ya dakika chache tu.

Kwa vipande vikubwa wengi hutumia umeme mdogo. Ndoo ya plastiki hujazwa maji na magadi ya kufulia, kiasi cha kijiko kimoja cha mezani kwa lita 4. Chaja ya betri ya gari ya volti 12 huunganishwa: waya hasi, mweusi, kwenye zana yenye kutu, waya chanya, mwekundu, kwenye kipande cha chuma chakavu kisichogusana na zana. Viputo huanza kupanda na kutu hulegea bila chuma kizima kuguswa. Nyaya zikibadilishwa, zana ndiyo italiwa. Kipande cha chakavu hakitakiwi kuwa chuma kisichoshika kutu, kama cha masufuria na sinki, kwa kuwa maji hayo hutengeneza sumu. Kazi hufanyiwa nje, mbali na moto, kwa sababu gesi inayotoka ni haidrojeni na hulipuka. Chaja huzimwa kabla mkono haujaingia ndooni.

Rangi ya zamani nayo inataka hadhari. Nyingi zilichanganywa na risasi, kwa hiyo hazikwanguliwi zikiwa kavu wala karibu na watoto.

Mwisho ni makali, na hapa ndipo zana hupata bei yake. Bapa la patasi au randa husagwa kwa pembe ya nyuzi 25 hivi, kisha ncha yake humaliziwa kwenye jiwe la kunolea kwa nyuzi 30. Upande wa nyuma lazima ulale bapa kabisa, maana makali ni mahali pande mbili zinapokutana, na upande mmoja ukiwa mbovu hakuna makali. Kwenye mashine ya kusagia, chuma huchovywa kwenye maji kila mara ili kisipate joto la kukilainisha. Mpini mpya wa mti mgumu na mafuta ya kitani hufunga kazi.

Kutoka karakana za kujitolea hadi Afrika

Wapo wapenzi wa kazi hii ambao hawaishii kupamba rafu zao. Shirika la Tools for Self Reliance lilianza kusini mwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa wazo hili hili. Vikundi vya watu wa kujitolea, wengi wao wastaafu, vilikusanya zana zilizolala kwenye mabanda ya watu, vikazisafisha, vikazinoa na kuzipeleka Afrika. Tanzania na Uganda zimo katika nchi zilizozipokea. Shirika jingine, Tools with a Mission la mjini Ipswich, hufanya kazi inayofanana.

Mfanyabiashara ana la kuiga katika namna wanavyofanya. Zana huandaliwa kwa seti kulingana na kazi: seti ya seremala, seti ya mwashi, seti ya fundi makanika, cherehani kwa fundi nguo. Kijana anayemaliza chuo cha ufundi hahitaji patasi moja. Anahitaji randa, misumeno, patasi za ukubwa mbalimbali, nyundo na jiwe la kunolea ili aanze kazi Jumatatu. Anayemuuzia sanduku lililo tayari anamuuzia mwanzo wa kazi, na bei ya mwanzo wa kazi si bei ya chuma kwa kilo.

Mpakani: asili haisafishiki kwa siki

Hapa ndipo wengi wanaweza kuteleza. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo wenye thamani isiyozidi Dola 2,000 za Marekani unaweza kuvuka kwa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, ukawa huru na ushuru wa forodha. Lakini masharti ni kwamba bidhaa iwe na asili ya nchi mwanachama na iwe kwenye orodha iliyokubaliwa.

Randa ya Sheffield iliyonunuliwa Nairobi na kusafishwa Arusha inabaki kuwa ya Sheffield. Kuondoa kutu, kunoa na kupaka mafuta hakuifanyi kuwa bidhaa ya Afrika Mashariki. Patasi iliyofuliwa na mafundi wa Kamukunji, Nairobi, au wa Katwe, Kampala, ni habari nyingine, na mwenye mzigo ana haki ya kuuliza. Mizigo ya aina hizo mbili ikichanganywa gunia moja, iliyo halali kwa cheti inaweza kukwamishwa na isiyo halali. Busara ni kuitenganisha, kutunza risiti za ununuzi, na kumwona afisa wa dawati la habari za biashara mpakani kabla gari halijapakiwa.

Jina la muuzaji

Kuna jaribu moja ambalo wapenzi wa zana hulichukia kuliko kutu yenyewe: rangi mpya juu ya ubovu. Ufa hufunikwa kwa gundi, vishimo huzibwa, mwili hupakwa rangi ya kung'aa na zana huuzwa kama nzima. Mteja huitambua siku ya kwanza ya kazi. Seremala aliyeharibu mlango wa mtu kwa randa yenye ufa hatarudi, na atawaambia wenzake. Waswahili walishasema, rahisi huvunja upishi.

Muuzaji anayetaka jina hufanya kinyume chake. Huweka kipande cha mbao juu ya meza na kumpa mteja patasi aijaribu mwenyewe. Uzi mwembamba wa mbao ukijikunja juu ya makali bila kukatika, maneno mengi hayahitajiki. Kizuri chajiuza.

Kwenye marundo ya chuma chakavu kando ya barabara za Afrika Mashariki, kati ya nondo na mabati, bado zimo patasi zisizo na mpini na randa zilizoganda. Kesho zitapandishwa kwenye mizani na kupelekwa kuyeyushwa, isipokuwa apite mtu atakayeinama, azigeuze na kusoma mhuri uliojificha chini ya kutu.