Nilidharau Mwasho, Nikalazwa Hospitali

Mimi ni Bwana Shamba. Kila siku nawaambia wakulima, "Mkiona dalili ya ugonjwa shambani, msingoje." Lakini mwilini mwangu niliona dalili nikangoja. Nusura nipoteze mguu.

Mwasho wa muda mrefu

Malengelenge madogo yalinitoka kwenye magoti, viwiko na matako. Yaliwasha sana. Usiku nilijikuna hadi damu ikatoka. Nilidhani ni upele. Nilipaka dawa ya upele, wala sikupona. Tena tumbo lilijaa gesi, na niliharisha mara kwa mara. Nilikonda. Nikasema ni uchovu wa kazi.

Siku moja kidonda cha kujikuna, chini ya goti, kilianza kuuma. Kesho yake mguu ulivimba. Ngozi ilikazana, ikang'aa, ikawa ya moto. Nikapata mtoki na homa ya kutetemeka. Siku ya tatu sikuweza kukanyaga chini. Mke wangu hakungoja niseme. Alimwita jirani mwenye pikipiki, nikapelekwa hospitali.

Vijidudu chini ya ngozi

Daktari alisema, "Vijidudu vimeingia mahali ulipojikuna. Vimeenea chini ya ngozi. Vikiingia katika damu, vinaweza kuua."

Nilipewa dawa ya kuua vijidudu kwa sindano za mshipa. Mguu wangu uliinuliwa juu ya mto. Baada ya siku tano homa ilikwisha. Nikapewa vidonge vya kumalizia nyumbani. Niliambiwa nivimeze vyote kama nilivyoandikiwa, hata nikijiona mzima.

Swali la ngano

Kabla sijatoka, Daktari aliniuliza, "Bwana Shamba, asubuhi unakula nini?"

Nikajibu, "Chapati au maandazi, Daktari."

Alitazama tena viwiko vyangu. Akanieleza kuwa kuna ugonjwa uitwao siliaki. Ngano, shayiri na rai zina kitu kiitwacho gluteni. Mgonjwa wa siliaki akila gluteni, kinga ya mwili wake hushambulia utumbo wake mwenyewe. Utumbo ukiumia, chakula hakiingii vizuri mwilini. Mtu huweza kukonda, kuharisha au kupungukiwa damu. Wengine hutokwa na malengelenge yanayowasha. Ugonjwa huu hauambukizi. Na kwa mtu asiye na ugonjwa huo, mkate ni chakula kizuri.

Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, ndiye aliyeonyesha kuwa ngano inahusika. Alianza kuishuku katika miaka ya 1930. Wakati wa njaa ya 1944 hadi 1945, mkate uliadimika Uholanzi. Watoto wenye siliaki wakapata nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Mwaka 1950 alitoa maandishi ya utafiti wake.

Nashuku, lakini sijathibitisha

Nilisema, "Basi, kuanzia leo naacha ngano." Daktari akanikataza. Alisema kipimo cha damu hutafuta alama za mwili kupigana na gluteni. Ukiacha ngano kabla ya kupimwa, alama hizo hupungua, na kipimo kinaweza kukudanganya. Tena kuna magonjwa mengine yanayoharisha na kukondesha.

Kwa hiyo bado nakula ngano, nikingoja kupimwa katika hospitali kubwa. Kila siku naandika katika daftari nilichokula, na hali ya tumbo na ngozi. Ndivyo tunavyofanya hata shambani: hatung'oi mmea kabla ya kujua ugonjwa wake.

Ikithibitika, nitaacha ngano maisha yangu yote. Hayo ndiyo matibabu yake. Lakini sitalala njaa. Mahindi, mtama, ulezi, mchele, mihogo, viazi na ndizi havina gluteni. Nitaangalia tu mahindi yangu yasisagwe katika mashine iliyotoka kusaga ngano.

Mambo ya kukumbuka

1. Kidonda, hata kidogo, kioshe kwa maji safi na sabuni. Kifunike kwa kitambaa safi.

2. Kata kucha. Kucha chafu hupeleka vijidudu ndani ya ngozi.

3. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane. Iguse ngozi. Ikiwa imevimba, ni ya moto na inauma, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Ukiwa na homa pia, usilale nyumbani.

4. Maliza dawa zote ulizoandikiwa.

5. Mwasho usiokwisha na tumbo lisilotulia, mweleze mganga yote mawili kwa pamoja. Mimi niliyatenganisha, nikachelewa.

Sasa mguu wangu umepona na naingia tena mashambani. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wangu ulikuwa ni mkwaruzo mdogo wa kucha.