Upasuaji wa Unene Baada ya Saratani

Ndugu wafanyakazi, mwenzetu wa kiwanda cha chai, mama wa miaka 58, alipona saratani ya matiti. Sasa unene na kisukari vinamwelemea, na daktari amemshauri apunguzwe mfuko wa chakula. Wengine wanamwambia umri umepita.

Sivyo. Mwaka 2022 vyama vya wapasuaji, cha Marekani na cha kimataifa, vilieleza kwamba umri peke yake si kizuizi. Hupimwa nguvu za mwili. Lakini tujue: hukatwa karibu asilimia 80 ya mfuko huo, haurudishwi, na vitamini humezwa maisha yote. Daktari wa saratani aulizwe kwanza.

Uamuzi ni wake. Sisi tunadai likizo ya ugonjwa yenye malipo, na arudipo asibebeshwe magunia. Mjumbe wa tawi amwandikie meneja mapema.